Nafasi Niliyoombewa Siku Tisa

Katandala,
Sumbawanga.
Jumanne, 24 Septemba 2024.

Mpendwa dada Angela,

Shikamoo dada yangu. Kabla ya yote nikuulize hali. Ule mguu uliokuwa ukivimba baada ya zamu ndefu unaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia umenunua soksi za kubana, ukacheka, nami nikajua huo si mcheko wa raha. Shemeji Fabiani hajambo? Na watoto wamezoea joto la Tanga au bado wanalala sakafuni? Naomba Mungu barua hii iwakute wote wazima.

Sisi huku hatujambo. Baridi imepungua lakini upepo haujapungua hata kidogo; ukianika nguo asubuhi, jioni unazianua nyekundu kwa vumbi. Mama kile kifua kimemwachia na amerudia kelele zake. Mahindi yake yote yako ndani, ulezi umeshapurwa, na sasa anadai hapumziki kwa sababu panya hawapumziki. Shemeji yako Andwele yuko na madaftari yake ya shule kama kawaida. Rafaeli yuko kidato cha pili, amenipita urefu, na Mary bado anauliza maswali mpaka mtu unajificha chooni.

Utashangaa kupokea barua ya bahasha zama hizi, wakati namba yako ninayo na vocha ninayo. Sababu ni moja. Kwenye simu wewe unaongea na mimi naitikia. Ndiyo dada, sawa dada, asante dada. Nikikata ndipo maneno yangu yanapokuja, na yanakuja yamejaa hasira. Kwenye karatasi huwezi kunikatisha. Soma mpaka mwisho, kisha ukasirike.

Habari za kufungwa ofisi ulizisikia juu juu tu, na siku ile nilijikaza. Ukweli ni kwamba sijaacha kukasirika tangu mwezi wa nne. Miaka kumi na minne nimekaa Kasesya kwenye kile chumba cha mabati, nikiondosha mizigo ya watu mpakani. Jumatatu alfajiri naondoka Katandala, Jumamosi narudi. Mary alianza kutembea siku ya Jumatano. Niliambiwa kwa simu. Nilivumilia kwa kuwa kazi niliiweza. Lori likisimama, nikitazama tu hati zake nilijua litavuka leo au litalala. Kisha Bwana Christopha, mwenye ofisi, akaja na chupa mbili za soda, akasema siku hizi kila kitu kinajazwa kwenye mtandao, kuna kijana Dar es Salaam anaweza kujazia mipaka mitatu akiwa amekaa kwenye kiti kimoja, kwa hiyo Kasesya hapahitajiki mtu. Akanishukuru kwa uaminifu. Soda yenyewe ilikuwa ya moto.

Tangu hapo nimekaa kwenye nyumba yangu mwenyewe kama yule mgeni wa siku ya tatu, kila mtu ananitafutia jembe. Jirani ananiambia nijifunze kushona. Mwalimu mwenzake Andwele anasema nisomee ualimu wa chekechea, eti wanawake tuna huruma. Mama mmoja sokoni, ambaye hata jina langu halijui vizuri, alinishika mkono akaniambia nisomee upambaji wa maharusi. Mimi na maharusi wapi na wapi! Wote wanaanza na neno lile lile: "Bado hujachelewa." Ukiona watu wanakuambia hujachelewa, ujue wamekaa wakahesabu umri wako.

Nikimuuliza Andwele anasema, "Wewe utakavyoona, mama Rafaeli." Asubuhi nitakavyoona, jioni nitakavyoona. Wewe unajua jinsi nilivyompenda kwa upole wake alipohamishiwa huku kutoka Rungwe. Mwezi huu upole ule umenichosha, natamani hata siku moja agonge meza.

Sasa nije kwako, dada.

Najua ulifanya kwa upendo. Ulinipigia ukataka namba ya mtihani wa kidato cha nne, nikadhani unaitaka kwa ajili ya kunitafutia kibarua. Wiki mbili baadaye nikapokea nakala ya maombi ya chuo cha uuguzi hukohuko Tanga, umeshajaza kila mstari. Niliisoma nimesimama jikoni. Penye sababu za kuchagua fani hii umeandika kwamba tangu utotoni nimekuwa na wito wa kuhudumia wagonjwa. Dada! Mimi? Uliyenishika mwenyewe nilipozimia, jogoo wa Pasaka alipochinjwa? Miaka kumi na minne nimejaza fomu za watu, nimeandika majina ya madereva, uzito wa saruji, idadi ya magunia, sikumwandikia mtu jambo ambalo hakusema. Fomu inayohusu maisha yangu ndiyo iliyojazwa na mtu mwingine, tena kwa mwandiko wa furaha.

Hata hivyo ningenyamaza tu, nikijua kwa D mbili za Biolojia na Kemia hawatanichukua. Kosa langu lilikuwa kumwambia Mama.

Mama alilipeleka jambo lile kwenye jumuiya ya kanisani. Nawe unaijua jumuiya yetu ikishapewa nia. Baba Adolfu, mwenyekiti, akasema hili si la sala moja, hili ni la novena. Siku tisa, dada. Siku tisa walizunguka nyumba kwa nyumba, kina mama na vitenge vyao, wazee na makoti yao, wakimwomba Mungu "amfungulie binti yetu Redempta mlango wa chuo." Nami nilikuwepo, napiga magoti katikati yao, naitikia "utusikie." Ningefanya nini? Mtu anakuombea nawe unamwambia aache? Moyoni nilikuwa naomba langu, nikamweleza Mungu kwamba mimi ndiye Redempta mwenyewe, anisikilize mimi. Walikuwa wengi wakanishinda sauti. Siku ya kumi majibu yakatoka: nimechaguliwa.

Kilio cha Mama kilisikika hadi kwa fundi baiskeli. Jumapili yake akapeleka sadaka ya shukrani kanisani. Mwisho wa misa, kwenye matangazo, mwenyekiti akasoma jina langu, akasema aliyeitikiwa maombi asimame waamini wamwone. Nikasimama. Tangu kipaimara tumefundishwa jina lako likisomwa kanisani unasimama, miguu yangu haikuniuliza. Kanisa zima likapiga makofi. Nikatabasamu, nikainama kidogo, nikakaa. Hapo ndipo nilipokubali chuo bila kufungua mdomo.

Tangu siku ile sina usemi mtaani kwetu. Wananiita nesi. Bibi mmoja wa jumuiya alinisimamisha njiani akanionyesha kidonda cha mguuni. Wameniletea ndoo mbili, sanduku la bati, unga wa ulezi ambao wanasema Tanga haupo, na godoro. Godoro jipya, dada, limekunjwa na kufungwa kwa kamba, limesimama sebuleni. Kila nikipita naligonga kwa bega.

Jambo moja nilikuwa sijakwambia. Mwezi wa nane, mchana, nakoroga uji, simu ikalia. Dereva ninayemfahamu kwa miaka mingi, amekwama Kasesya siku ya tatu na magunia ya ulezi wa kupeleka ng'ambo, hati zinakataa na hajui kwa nini. Nikamwambia anisomee kilichoandikwa. Yule kijana wa Dar ameandika mtama! Ulezi umepakiwa kwenye lori, hati zinasema mtama, ofisa anafungua gunia anaona kitu kingine kabisa. Kijana hajawahi kuuona ulezi, na pengine aliona nafaka ndogondogo zote ni ndugu. Ulezi, dada, uji tuliolelewa nao! Nikamweleza dereva kipi kifutwe, kipi kiandikwe, aanzie dirisha gani na ofisa yupi asimwendee kabla hajanywa chai. Saa kumi akanipigia yuko upande wa pili.

Nilikaa chini nikalia, na haikuwa huzuni. Nilikuwa nimekasirika. Ninachokijua bado kinahitajika, ila hakina karatasi. Miaka yote ile leseni ilikuwa ya Bwana Christopha, sahihi ya Bwana Christopha. Mimi nilikuwa mkono tu. Nimewafundisha kazi vijana watatu waliokuja na vyeti, na leo wao ni mawakala na mimi ni "yule dada aliyekuwa pale."

Basi nimeulizia. Yapo mafunzo ya uwakala wa forodha, Dar es Salaam, miezi sita, yanaanza Januari. Nikifaulu napata cheti, kisha naweza kuhangaikia leseni kwa jina langu. Ndicho ninachotaka kusomea, dada. Sitaki fani mpya. Nataka ile ile niliyofukuzwa nayo.

Najua utasema nini, maana wameshasema wote. Andwele mwenyewe, siku ile moja aliyotoa maoni, aliniuliza kwa upole kama mtu anarudi kuchota kwenye kisima kilichokauka. Mama anasema kazi iliyokutupa usiisomee, ni sawa na kumpikia mwanamume aliyekuacha. Sina majibu makubwa. Huenda baada ya miaka mitano hata mawakala wenye leseni hawatatakiwa, lori litajiandikia lenyewe. Huenda nikajuta, na utakuwa na haki ya kusema ulinionya.

Lakini na uuguzi nao tuuseme wazi. Chuo ni miaka mitatu. Nina miaka thelathini na tisa. Nikimaliza nitakuwa na arobaini na miwili, nianze kusubiri ajira za serikali ambazo mwisho wake ni umri wa miaka arobaini na mitano. Edwin wa jirani, yule uliyempongeza alipohitimu uuguzi, anaendesha bodaboda hapo Chanji mwaka wa nne huu. Juzi alinipakia. Nikamuuliza ukweli, akasema, "Dada Rede, chuo poa, chuo hakina shida. Shida ni ukishatoka. Mimi hata sindano nimesahau, najua bei ya petroli tu." Kisha akanipunguzia nauli kwa sababu eti mimi ni mwenzake.

Na miaka mitatu Tanga ni miaka mitatu bila Mary na Rafaeli. Nilipofukuzwa kazi, mtu pekee aliyefurahi alikuwa Mary. Aliniuliza kama sasa nitakuwa nalala nyumbani hata Jumanne. Miezi sita naweza kumweleza. Miaka mitatu atakuwa ameshaacha kuniuliza chochote.

Dada, jambo linaloniuma kuliko yote silo hilo. Ni kwamba sijawahi kukukatalia. Baba alipofariki ulikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, ukawa unalala na njaa ili ninunuliwe viatu vya shule. Nililijua hilo baadaye, kwa Mama. Kila nilichosoma ni wewe. Kwa hiyo ukinijazia fomu unaona ni haki yako, na nusu ya moyo wangu inasema kweli ni haki yako. Nusu nyingine inasema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Wewe kazi yako unaipenda hata miguu ikivimba. Mimi nitaivaa tu, na mgonjwa ataniona.

Nimechoka, taa inafifia na mkono unauma. Nitaendelea.

Alhamisi, 26 Septemba.

Nimeendelea, na sasa kuna habari.

Jana nilikwenda kwa yule mchapaji wa karibu na stendi, nikachapa barua ya kuachia nafasi na kuituma chuoni kwa mtandao. Mistari minne. Nimewashukuru, nikasema nafasi apewe anayeihitaji. Kijana wa pale aliisoma akaniuliza kama nina uhakika, nikamjibu kwa ukali ambao hakustahili, ikabidi nimwombe radhi. Jumatatu wanafunzi wanaripoti. Barua hii itakapokufikia, Jumatatu itakuwa imepita, na nimefanya hivyo makusudi. Nilijua nikiisikia sauti yako kabla, ningepanda basi na lile godoro.

Jioni nikamwambia Mama. Alikuwa anachambua maharage. Nilieleza yote, ya Tanga, ya Dar, ya lori la ulezi, na yeye anachambua tu, mawe huku, maharage huku. Nilipomaliza akanijibu kwa Kifipa, basi ujue hasira zilikuwa zimefika wapi. Alisema, "Mimi Mungu nimeshamshukuru mbele za watu. Siwezi kurudi kumwambia nilikosea. Nenda kamwambie wewe." Akachukua ungo wake akaingia ndani.

Leo asubuhi amenisalimia, lakini kwa kumtuma Mary. "Mwambie mama yako chai ipo."

Na Jumamosi jumuiya ni zamu ya kwetu. Watakuja wote, Baba Adolfu na kitabu chake, na yule bibi na kidonda chake. Walikuwa wamepanga iwe sala ya kuniaga. Kwa mara ya kwanza mwezi huu Andwele amesema jambo lisilo la nitakavyoona: amesema ingawa yeye ni Mmoraviani na rozari haijui, atakaa kwenye kiti cha karibu na mlango mpaka mwisho. Nikamwangalia, nikaona nilimkasirikia bure wiki kadhaa, ingawa si zote.

Wewe naomba mambo mawili tu. Usimpigie Mama mkanijadili. Yeye tayari ana bunduki, usimwongezee risasi. Na utakapokuwa umemaliza kunikasirikia, nipigie tusalimiane, usiniulize mpango. Ada uliyokuwa umeniwekea ifanyie mguu wako, upumzike hata mwezi mmoja. Hili la Dar nitalihangaikia mwenyewe, na nikishindwa nitashindwa kwa jina langu.

Nisalimie shemeji Fabiani, mwambie samaki wakavu aliotutumia tuliwala mpaka mifupa. Wabusu watoto. Msalimie pia shangazi ukipita Korogwe, mwambie uzi wake wa kufuma ninao. Huku Andwele anakusalimu, Rafaeli na Mary wanakuamkia shikamoo. Mama sijamuuliza kama anakusalimu, lakini naamini anakusalimu.

Mungu akulinde na zamu zako, akupe miguu myepesi na wagonjwa wenye shukrani.

Naogopa, dada. Kufukuzwa kazi hakukuniogopesha hivi. Waliomba siku tisa kwa mioyo yao yote, na keshokutwa nitasimama sebuleni kwangu niwaambie kwamba mlango waliogonga umefunguka kweli, na mimi ndiye niliyeufunga.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata siku niliyokukatalia,

Redempta